Kumi na Mbili Ziko Mbili

Kaja Mohideen, mwenye kiwanda kidogo cha chapa pale Ukkadam, hakuwahi kusoma hata mstari mmoja wa C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, maishani mwake, wala Kibangla hakukijua, na ndiyo maana aliona. Anayejua kusoma husoma maneno. Yeye maneno yalimshinda, akabaki na namba.

"Dada Thenmozhi," alisema kwenye simu Jumatatu asubuhi, mashine zake zikigonga nyuma yake, "kadi zenu za kwenda Bangladeshi nimeshazipanga. Ila kumi na mbili ziko mbili."

"Ziko mbili vipi?"

"Kumi na moja, kumi na mbili, kumi na mbili, kumi na tatu. Nichape hivyohivyo? Maana nawajua nyie wahandisi wa Peelamedu, mkishachapiwa ndipo mnafumbua macho."

"Utakuwa umerudia mstari, kaka."

"Aa, usinisingizie! Mstari wa kwanza mrefu, wa pili mfupi. Kibangla sijui, lakini macho ninayo, alhamdulillahi."

Thenmozhi alicheka, akamwambia asubiri kidogo, akafungua kwenye kompyuta yake orodha iliyotolewa moja kwa moja na programu. Kicheko kilikuwa bado hakijamtoka mdomoni alipoiona. Akakata simu bila kuaga, jambo ambalo Kaja Mohideen alilinung'unikia hadi adhuhuri.

Tuelewane mapema, maana msiba wote huu ulikaa ndani ya jambo dogo kama chawa. Kampuni aliyofanyia kazi Thenmozhi ilitengeneza vidhibiti, yaani visanduku vya chuma vinavyokaa ubavuni mwa mashine za kuchania pamba na kuziamuru lini zizunguke, lini zisimame, lini milango yake ifunguke. Ndani ya kila kisanduku mna programu, na ndani ya programu mna orodha ya hali zote ambazo mashine inaweza kuwa nazo. Waandishi wa C huiita enam. Binadamu huandika majina, lakini mashine haijui majina, inajua namba tu. Jina ulilolipatia namba hubaki nayo. Jina usilolipatia hujichukulia namba inayofuata ile ya jirani yake wa juu, bila kuuliza kama ina mwenyewe. Na kama ina mwenyewe, C hainyanyui hata unyusi. Majina mawili yatatumia namba moja, na programu itatengenezeka bila onyo wala kikohozi.

Orodha ya kampuni ilikuwa na mila yake. Kadi za namba hizo hubandikwa mlangoni mwa kila mashine, na mafundi wa viwanda vya nyuzi kuanzia Rajapalayam hadi Erode wanazijua kwa moyo. Fundi hupiga simu kusema "nina kumi na saba" kama mtu anayetaja homa yake, na huku wanajua wampe dawa gani. Kwa hiyo namba za zamani hazibadilishwi, zimepigiliwa misumari. Mila ya pili ilikuwa ya Kandhavel, mkuu wa wahandisi: hali zinazohusiana zikae pamoja, kama ndugu kwenye picha ya harusi. Ukileta jina jipya, usilitupe mwisho wa orodha kama mgeni asiyealikwa. Litafutie ndugu zake, likae kati yao.

Na ndivyo Thenmozhi alivyofanya mwaka uliopita ilipokuja ile mashine mpya kubwa. Silinda ya mashine za zamani, iliyovikwa waya wenye meno kama msumeno, ilikuwa na breki, ukikata umeme inasimama. Ile mpya nzito, ukikata umeme inaendelea kuzunguka yenyewe dakika saba nzima. Dakika saba hizo zilihitaji jina lake, ili mlango ubaki umefungwa. Akaliandika. Juu palikuwa na UMEME_UMEKATWA, kumi na moja. Chini palikuwa na IMESIMAMA, kumi na mbili. Kati yao, kama ndugu wa tumbo moja, akaweka INAZUNGUKA_BADO, asiipe namba. Nadhani alikusudia kuipa baadaye, au simu ililia, au chai ilipita. Hata yeye hakumbuki, na hilo la kutokumbuka lilimuuma kuliko mengine.

Basi INAZUNGUKA_BADO ikajichukulia kumi na mbili. Na programu inayofungua mlango huuliza swali moja tu: je, ni kumi na mbili? Ikiambiwa ndiyo, huwasha taa ya kijani na kuachia kufuli. Kwenye majaribio hawakuona kitu, kwa sababu silinda ya majaribio pale kampuni ni ndogo na husimama kabla hujafika mlangoni.

Viwandani nako wengi hawakuumia, kwa kuwa wachanaji wa pamba wakongwe hawaamini taa. Wanasikiliza. Silinda ikizunguka inavuma, na mkongwe husubiri mpaka mvumo ufe. Marudhayi, wa kiwanda cha Palladam, hakuwa mkongwe. Alikuwa amefanya kazi miaka kumi na mmoja kwenye mashine za kuvingirishia nyuzi, na wiki mbili kabla ya ajali ndipo walipomhamishia kwenye kuchania, wakamwambia: ukiona kijani, fungua. Aliona kijani, akafungua, akaingiza mkono wa kulia kutoa pamba iliyokwama. Palikuwa na mashine kumi na sita zinavuma humo ndani. Angesikiaje moja?

Wiki tano zilikuwa zimepita tangu siku hiyo.

Thenmozhi ndiye aliyetumwa kuchunguza. Alikwenda hospitali kwanza, akaketi kando ya kitanda, daftari magotini. Marudhayi alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka arobaini hivi, na alisema bila kulia, "Binti yangu, taa ilikuwa kijani. Na silinda ilikuwa inazunguka. Vyote viwili kwa pamoja. Andika hivyo." Thenmozhi akaandika. Kisha akaenda kiwandani Palladam, akafungua kumbukumbu ya kisanduku, akasoma: saa nane na dakika sita, kumi na mbili. Akatazama kadi mlangoni, iliyochapwa kabla ya jina jipya: kumi na mbili, silinda imesimama. Silinda iliyosimama haikati mtu. Kwa hiyo ama mwanamke anasema uongo, ama alikidanganya kihisi cha mwendo kwa sumaku.

Sumaku! Hili nalo lazima niliseme. Kila mfanyakazi wa Palladam anajua kwamba sumaku ya spika mbovu ukiibandika karibu na kihisi, mashine hudhani imesimama, na mtu husafisha haraka akaiwahi hesabu ya zamu. Msimamizi alipopekua makabati, alikuta sumaku kumi na tisa katika makabati kumi na tisa. Ya Marudhayi ilikuwa imeshikilia picha ya mungu Murugan mlangoni mwa kabati lake. Waliiandika hata hivyo. Na Thenmozhi akaandika ripoti yake kwa sentensi tatu safi, akatia sahihi: kumbukumbu inaonyesha hali namba 12, yaani silinda imesimama, kidhibiti kilifanya kazi ipasavyo, inaelekea kihisi kiliingiliwa. Ripoti ilisifiwa kwa ufupi wake.

Sasa ofisi ya kazi ya wilaya ilikuwa imeweka kikao Jumamosi. Ikiamuliwa kwamba Marudhayi aliweka sumaku, ataondoka kiwandani kama mvunja sheria, na jina lake litatembea mbele yake hadi kila lango la kiwanda kutoka Palladam mpaka Tiruppur. Isipoamuliwa hivyo, atabaki mtu aliyeumizwa kazini, mwenye haki zake na heshima yake. Lilikuwa limebaki jambo hilo tu, na ushahidi mkubwa dhidi yake ulikuwa ile sahihi ya Thenmozhi.

Jumatatu ileile Thenmozhi alimkuta Kandhavel anakunywa kahawa, anaipooza kwa kuimimina kutoka kikombe hadi bakuli na kurudi, kama afanyavyo kila asubuhi. Kandhavel alikuwa na miaka hamsini na minane, mtu wa sauti ya chini. Ndiye aliyemchukua Thenmozhi kazini wakati makampuni mengine yalimuuliza shahada iko wapi, akawajibu ana stashahada tu na baba mfumaji wa sari kule Negamam. Thenmozhi alikuwa tayari kufa kwa ajili ya mzee huyo. Alimwekea karatasi mezani, amezungushia mistari mitatu kwa kalamu nyekundu.

Kandhavel alisoma. Akaweka bakuli chini. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaivaa, akasoma tena.

"Nani mwingine ameona?" alisema.

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza. Thenmozhi alilisikia, na baadaye alilikumbuka sana.

"Kaja Mohideen."

"Huyo hajui alichokiona."

"Bosi, yule mama alisema kweli. Taa ilikuwa kijani na silinda inazunguka. Vyote viwili. Aliniambia, nikaandika, halafu nikaenda kuiamini namba."

"Nimekusikia. Punguza sauti."

"C ingepiga kelele! Ingesema tu mara moja, hapa pana mapacha!"

"C haipigi kelele kwa sababu kuna siku unataka mapacha. Mimi mwenyewe nimewahi kuipa hali moja majina mawili, makusudi."

"Hii haikuwa makusudi."

"Najua. Ingekuwa makusudi ningekufukuza kwa raha." Akajaribu kutabasamu, uso ukakataa. "Ndiyo maana niliwaambieni: ama mpe kila mtu namba, ama msimpe yeyote. Mkichanganya mnazaa balaa."

"Hukuwahi kutuambia hilo, bosi. Ulituambia ndugu wakae pamoja."

Dirishani mfagizi alikuwa anamwaga maji kwenye vumbi. Kisha mzee akavuta kiti akaketi karibu naye, akaanza kusema polepole kama mtu anayemfundisha mtoto kuvuka barabara.

"Sikiliza, binti yangu. Tuna mashine mpya mia tatu na arobaini kwenye viwanda hamsini na vinane. Kila moja inafungua mlango hivi tunavyoongea. Ukienda leo kusema, wanasheria watafunga kila kitu. Hakuna atakayeruhusiwa kugusa kisanduku, kwa sababu kitakuwa ushahidi. Mkono mmoja umekwenda. Unataka wa pili?"

"Sitaki."

"Basi tutengeneze kwanza. Wiki hii yote, mafundi wote barabarani. Mpaka Ijumaa jioni kila mashine ina programu mpya. Jumamosi nenda kikaoni ukaseme yote. Sikuzuii. Naapa kwa wanangu."

"Na leo? Kesho? Mashine ambazo fundi hajazifikia?"

"Tutawapigia simu. Tutasema ukaguzi unakuja, mpaka ufike, mlango usifunguliwe kabla ya dakika kumi."

Mwenye akili angeona. Kama simu moja ingetosha kuwalinda wachanaji wote, basi hapakuwa na haja ya kunyamaza hata siku moja. Na Thenmozhi akili alikuwa nayo. Aliliona jambo hilo likipita mbele yake na miguu yake minne, akaliacha lipite. Tuseme ukweli: lilimfaa. Siku tano zaidi za kuwa yule binti wa mfumaji aliyefanikiwa, ambaye mama yake humtaja kisimani bila hata kuulizwa. Nani angezikataa?

Kurekebisha kulichukua nusu saa. Aliipa kila hali namba yake kwa mkono, INAZUNGUKA_BADO akaipeleka mwisho kabisa, ishirini na tano, ambako hakuna ndugu wa kuibania. Kisha akaongeza kipande cha programu kisicho na kazi nyingine ila kutaja kila jina mara moja, kila moja katika tawi lake, kwa sababu hapo C huwa na haya kidogo: matawi mawili yakiwa na namba moja, inagoma kabisa kuendelea. Akajaribu kurudisha kosa la zamani ili aone. Kompyuta ikakataa papo hapo na kumwonyesha mstari. Nusu saa, pamoja na kahawa. Alitamani ingemchukua mwezi.

Kandhavel ndiye aliyeandika maelezo ya toleo jipya: usafi wa orodha, utendaji haujabadilika.

"Utendaji haujabadilika?" Thenmozhi aliuliza.

"Ulitaka niandike nini? Kwamba tumeacha kukata watu?"

Wiki ikaenda kwa simu. Dindigul imekamilika, Karur imekamilika, Udumalpet fundi amekosa basi. Thenmozhi aliweka alama kwenye orodha ya viwanda, na kila alama ilimpa pumzi kidogo. Jumanne alitoa fomu ya hospitali kwenye droo. Ilikuwa na namba ya simu ya Ponni, binti wa Marudhayi, ambaye naye alifanya kazi kiwanda kilekile, kwenye mashine za kuvingirishia. Alibonyeza tarakimu sita, akasita. Aseme nini? Mama yako alisema kweli, lakini ngojeni mpaka Jumamosi? Akaona heri alete habari nzima, iliyoiva, mbele ya afisa, kwa karatasi na ushahidi, badala ya maneno matupu ya simu. Akairudisha fomu drooni. Jumatano hakuitoa. Alhamisi walikula wali wa mtindi na achari ya ndimu mezani kwa Kandhavel, na mzee akamwekea kipande kikubwa cha achari, akasema, "Kula, umekonda," kama baba.

Ijumaa saa kumi na moja kiwanda cha mwisho kikakamilika. Mashine ya Palladam yenyewe ilikuwa imebadilishwa tangu Jumanne, lakini Thenmozhi alihifadhi nakala ya programu ya zamani, akachapa kurasa zote, akazitoboa na kuzifunga kwa uzi. Aliandika ripoti mpya. Safari hii haikuwa fupi. Aliandika: jina nililiongeza mimi, aliyeacha kulipatia namba ni mimi, ripoti ya kwanza ilikuwa yangu na ilikuwa na kosa.

Jumamosi asubuhi Kandhavel alituma ujumbe kwamba ana homa. Homa ina adabu sana, huwajia wakubwa siku inayofaa. Lakini hakumzuia, kiapo chake alikitunza. Thenmozhi akapanda basi peke yake.

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, feni inayolia na mafaili yaliyofungwa kwa vitambaa vyekundu. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye ua moja la jasmini nyweleni na macho yasiyopitwa na kitu. Meneja wa kiwanda alikaa upande mmoja, amekunja mikono, ametulia kuliko ilivyompasa. Upande wa pili alikaa Marudhayi, kigutu cha mkono wa kulia kimefichwa chini ya ncha ya sari, na Ponni pembeni yake, msichana wa miaka kumi na tisa anayetazama sakafu. Thenmozhi alipoingia, Marudhayi alimtambua. Hakumsalimia.

Alipopewa nafasi alisema yote. Alikuwa ameogopa kwamba afisa hataelewa, lakini afisa alielewa haraka kuliko wahandisi wengi.

"Yaani ni kama familia mbili zimepewa kadi ya mgao wa mchele yenye namba moja," afisa alisema. "Mwenye duka anatazama namba, hatazami uso."

"Ndiyo, mheshimiwa. Mashine ilijua inazunguka. Lakini kwa namba, kuzunguka na kusimama vilikuwa kitu kimoja. Ikafungua mlango, ikawasha kijani. Mama huyu hakukosea chochote. Nilikosea mimi."

Alitarajia kitu baada ya maneno hayo. Sijui nini. Labda chumba kivute pumzi, labda Marudhayi ainue uso. Feni ililia. Meneja akafungua mkoba wake taratibu, akatoa karatasi moja, akaisukuma mezani.

"Tunamshukuru dada kwa uaminifu wake," alisema. "Sisi hatubishani na mambo ya kompyuta. Ila mfanyakazi mwenyewe ametoa maelezo, mbele ya mashahidi wawili."

Afisa akasoma kwa sauti. Mimi Marudhayi, kwa haraka ya kazi, niliweka sumaku kwenye kihisi. Hakuna aliyenilazimisha kusema haya. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, ya zambarau. Marudhayi alikuwa anajua kuandika jina lake, alijifunza akiwa mtu mzima na kulionea fahari. Lakini mkono uliojifunza haupo tena, na wa kushoto haukuwa na elimu hiyo.

"Mama," afisa alisema, "dole hili ni lako?"

"Langu."

"Na maneno?"

Marudhayi akamtazama Ponni. Akatazama mezani.

"Yangu."

"Umemsikia huyu mhandisi? Anasema ulikuwa na haki. Anasema taa ilikuwa kijani. Ilikuwa kijani?"

"Sikumbuki taa, mheshimiwa."

"Mama!" Thenmozhi alisimama, kiti kikaanguka. "Uliniambia mwenyewe! Ulisema andika hivyo!"

"Nawe ulikwenda ukaandika vingine," Marudhayi alisema, bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Afisa aliwataka wote wanyamaze. Alikaa muda mrefu, karatasi ya dole mkono mmoja, kurasa za Thenmozhi mkono wa pili. Hakuwa mtu mbaya, nawaambieni. Aliuliza mara mbili zaidi, kwa upole, na mara zote mbili Marudhayi alijibu vilevile. Aliwatoa nje meneja na Ponni, akauliza tena. Jibu halikubadilika.

"Nifanye nini mimi?" afisa alisema mwishoni, na sauti yake ilikuwa imechoka kweli. "Upande huu nina mhandisi mmoja mwenye ripoti mbili zinazopingana. Na mashine yenyewe mmeshaibadilisha. Upande huu nina mwenye mkono wake, anakiri. Nitaziweka karatasi zako kwenye faili, dada. Zitakaa humo."

Akaandika, akagonga muhuri, akafunga faili kwa kitambaa chekundu.

Thenmozhi aliwafuata mama na binti kwenye ukumbi, akawakuta karibu na ngazi. Meneja alikuwa ameshashuka. Mnyonge hana haki, wahenga walisema, na walisema hivyo bila kujua kwamba kuna siku mtu ataileta haki mkononi, imefungwa kwa uzi, na mnyonge mwenyewe atalazimika kuikataa.

"Kwa nini, mama? Niambie kwa nini. Ningekusafisha. Karatasi zote ninazo."

"Ponni yuko pale kiwandani," Marudhayi alisema. "Mimi nimeshatoka, hata wangenisafisha sina cha kushikia uzi. Yeye ana mikono miwili. Walisema nikitia dole, anabaki. Nikisema vingine mbele ya afisa, anatoka jioni hiyohiyo. Wewe ungemfanyia nini? Ungempa kazi kwenye kompyuta zako?"

"Walikuita lini?"

"Alhamisi. Wakanikalisha tangu asubuhi. Nilikataa, wakaleta ile ripoti yako, wakanisomea. Nikakataa tena. Mara ya tatu nikawauliza, hivi hakuna hata mtu mmoja duniani anayesema kwamba taa ilikuwa kijani? Mmoja tu. Nikimpata huyo mmoja, hata Ponni atafute kazi ya kuokota mawe, mimi dole sitii. Wakasema hayupo. Nikakaa nikafikiri, nikaona hata mimi nimeanza kusahau. Nikajiambia labda niliota." Akamwangalia Thenmozhi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, machoni kabisa. "Wewe ulijua lini?"

Thenmozhi angeweza kusema jana. Aliliona neno hilo, liko karibu, jepesi.

"Jumatatu," alisema.

Ponni akatoa sauti ndogo, akaziba mdomo. Marudhayi alikuwa anahesabu, midomo inatikisika kidogo: Jumatatu, Jumanne, Jumatano.

"Kumbe ulikuwepo," alisema.

Akaweka mkono uliobaki begani kwa mwanawe, wakashuka ngazi.